Mrejesho: presha ya maji, nyumba ya kupanga Malindi

Asalaam jamani, nilikuwa nimewauliza nitajuaje presha ya maji kabla sijalipa depositi ya fleti hapa Malindi. Nishahamia, asanteni sana, kweli mlinifaa.

Ile mbinu yenu ya kupima kwa saa ya simu ndoo inajaa kwa muda gani ndiyo iliyonisaidia zaidi. Fleti ya juu kabisa, ile yenye upepo wa bahari niliyoipenda, ndoo ya lita 10 ilichukua zaidi ya dakika tatu, na mwenzangu akivuta choo shawa inakatika kabisa, yanabaki matone tu. Tangi liko juu ya dari palepale, na kila mita moja ya kimo inaleta presha ya kama baa 0.1 tu (baa ni kipimo cha presha), sasa presha itoke wapi? Nikachukua ya chini, jengo lilelile, ndoo inajaa chini ya dakika. Nilienda asubuhi watu wakioga kama mlivyosema, mana saa nane mchana kila bomba ni zuri.

Kuuliza keyateka, yule mtunza jengo, hakukusaidia, yeye kila kitu "maji yapo mama, usijali". Majirani ndio walosema ukweli, kuwa maji ya mfereji yakikatika wanafungulia ya kisima, na ya kisima ni ya chumvi. Hilo sijaponea, shawa ishaanza kuziba, naifungua nairoweka kwa siki usiku mmoja inarudi sawa. Ya kunywa nanunua mitungi.

Pampu ya kuongeza presha mwenye nyumba kakataa katakata.