Nifuate pumzi ya babu au sarufi? Kuchapa maneno yaliyosemwa

Mjukuu wa Nahodha

Wanajukwaa, salaam. Kwa miezi kadhaa ninachapa mazungumzo niliyomrekodi babu yangu mzaa mama, aliyekuwa nahodha wa jahazi kati ya Pangani na Pemba, ili wajukuu wenzangu wapate kuyasoma. Nimeandika kila neno kama alivyolitamka, lakini nikisoma nilichokichapa simsikii babu. Yeye hunyamaza mahali ambapo sarufi haitaki kituo chochote, kwa mfano baada ya kusema "Bahari ile", kisha ndipo huendelea "haitaki mtu mwenye haraka". Na wakati mwingine huunganisha sentensi tatu kwa pumzi moja.

Kuna pia kosa lililonitahayarisha. Mahali fulani babu anasimulia jinsi alivyomwambia baharia wake "Tumefika", nami nikaweka nukta. Mama aliposoma alisema baba yake hakutoa taarifa hapo, bali aliuliza, maana usiku ule ulikuwa na ukungu na hakuna aliyeiona nchi kavu. Je, niweke vituo kwa kufuata pumzi yake au kwa kufuata sarufi?

Mhazili Mstaafu

Mwanangu, nimekuwa katibu mahsusi kwa miaka mingi, na swali lako nililikuta siku ya kwanza darasani. Mwalimu wetu wa uhazili alikuwa akigonga meza kwa rula, na kila pigo lilikuwa herufi moja, hata kama herufi hiyo ilikuwa "a", ambayo katika Kiswahili hujirudia mno na imeachiwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kilicho dhaifu kuliko vyote. Hakututaka tuwe wepesi, alitutaka tuwe sawasawa, kwa sababu katika taipureta za zamani, ukipiga herufi mbili karibu mno nyundo zake hunasana na kazi husimama. Kwa hiyo vidole vyetu vilifundishwa mdundo ambao haumo katika kinywa cha mtu yeyote. Vidole huzipa herufi zote haki sawa, ilhali mdomo huvuta silabi moja na kuzipita nyingine haraka.

Hata kipimo cha kasi kilitoka kwingine. Katika upigaji chapa "neno" moja huhesabiwa kuwa mapigo matano, pamoja na nafasi. Sasa chapa "nitakapomwambia". Hizo ni herufi kumi na tano, yaani maneno matatu kwa kipimo cha mashine, lakini babu yako hulitamka kwa mkupuo mmoja na kulikazia mahali pamoja tu, kwenye "mbi".

Hatimkato, yaani mwandiko wa haraka wa alama, ilikuwa karibu zaidi na sauti, kwa kuwa mfumo wa Isaac Pitman, uliotolewa mwaka 1837, huandika matamshi badala ya tahajia. Nao ulikuwa na mtego wake. Tulipoharakishwa tuliacha alama za irabu, na kwa lugha yetu, ambayo karibu kila silabi huishia kwa irabu, "bata" na "bati" yalibaki mifupa ileile. Nikirudi kwenye meza yangu ndipo ningejiuliza mkubwa wangu ameagiza kitoweo au paa la ghala.

Ushauri wangu ni huu: usichape huku sauti ikiendelea. Sikiliza hadi pumzi ya babu iishe, simamisha, liseme fungu hilo kwa mdomo wako mwenyewe, kisha ulichape katika mstari wake. Suala la vituo liache hadi ukurasa mzima ukamilike.

Mwana wa Mizani

Namuunga mkono Bi Mhazili kuhusu mstari mmoja kwa pumzi moja, maana washairi wa pwani wamepima kauli zao hivyo kwa karne nyingi. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kipande kwa kawaida kikiwa na mizani nane, yaani silabi nane, na anayeghani hana haja ya kuambiwa apumzike wapi, kwa sababu kina humfikishia sikio habari hiyo kabla ya jicho.

Ningependa kuongeza jambo moja: urefu wa neno machoni si urefu wake kinywani. "Ng'ombe" hudai mapigo saba ya kibodi, ukihesabu na ile alama ya juu, lakini ni mizani mbili tu. "Oa" ni mapigo mawili, nayo pia ni mizani mbili. "Mtu" ni mizani mbili vilevile, kwa kuwa ile "m" husimama peke yake na tena ndiyo inayobeba mkazo. Mkazo wenyewe hatuuandiki kabisa. "Barabara" ya magari hukaziwa silabi ya pili kutoka mwisho, na "barabara" yenye maana ya sawasawa hukaziwa ya tatu kutoka mwisho, lakini kwenye karatasi hayatofautiani hata kidogo. Kwa hiyo usijilaumu sana kwa "Tumefika": Kiswahili huweza kugeuza taarifa kuwa swali kwa kiimbo pekee, bila kuongeza neno wala kubadili mpangilio, na alama ya kuuliza ndiyo mabaki pekee ya kiimbo hicho.

Karani wa Baraza

Mimi natofautiana nanyi kidogo. Nimenukuu mashauri ya ardhi ambamo wazee huzungumza kwa kituo, na nilipokuwa kijana niliweka mkato kila waliponyamaza. Matokeo yake mzee aliyesikika mwenye busara alisomeka kama mwenye kigugumizi. Msikilizaji huona uso, huona mkono ukiinuka, akajua kimya kile kina uzito. Msomaji huona mkato tu. Mistari ya pumzi naikubali kama rasimu, lakini nakala ya kusomwa na watu ifuate sarufi, isipokuwa mahali ambapo sauti yenyewe ni maana. Akisema "kuleee", usimsahihishe kuwa "kule mbali sana". Na "basi" zake usizifute ukidhani ni uchafu, kwa maana katika usimulizi "basi" ni kiungo, nawe ukiiondoa matukio mawili hubaki yamelala bega kwa bega bila lolote kati yao.

Mjukuu wa Nahodha

Shikamoo Bi Mhazili, na ahsanteni nyote. Nimejaribu kwa fungu moja, na limetoka hivi:

"Bahari ile
haitaki mtu mwenye haraka.
Basi tukalala kuleee, nje ya fungu la mchanga,
tukangoja maji yajae."

Nimeona kwamba baada ya "ile" sihitaji mkato, kwa kuwa mwisho wa mstari umeshanyamaza kwa niaba yake, kwa hiyo nadhani Karani na Bi Mhazili wanaweza kukaa ukurasa mmoja. Jana nilimpa mama asome kwa sauti bila kumweleza chochote. Alipofika "tukangoja" aliivuta ile "ngo" kama baba yake, ingawa mimi nilikuwa nimeichapa kwa herufi tatu za kawaida.

Kuna saa nne za sauti zilizobaki. Nimerudi mwanzo.