Kocha wa maisha: vikao vinakwendaje hasa?

Mgeni_wa_Jukwaa: Wakuu, naanza na kocha wa maisha wiki ijayo. Ni mpango wa miezi 3, kikao kimoja kila wiki mbili. Mle ndani kunafanyika nini, na nitajuaje kama pesa inaliwa bure?

Fundi Maswali: Mkuu, usiende ukingoja kuambiwa la kufanya. Kocha anauliza, muda mwingi utaongea wewe. Kikao kwa kawaida ni dakika 45 hadi 60. Cha kwanza huwa kirefu kidogo kwa sababu ndipo mnapoweka lengo, na ndipo wengi wanapoharibu. "Nataka kujiamini" huwezi kulipima. "Ndani ya wiki 12 niwe nimeomba nafasi ya usimamizi na kufanya usaili" linapimika.

Vikao vya baadaye huanza kwa kukagua ulichoahidi, kisha mnachukua jambo moja (mkibeba matatu hamtamaliza hata moja). Kabla ya kuagana unataja mwenyewe hatua moja au mbili, siku ya kuzifanya, na kocha atajuaje kuwa umezifanya. Kazi yenyewe iko kati ya kikao na kikao. Ukishindwa, usifiche. Kocha mzuri ataangalia kama hatua ilikuwa kubwa mno, au kama lengo lenyewe ni la mzazi wako au bosi wako.

Soma_Kwanza: Kabla ya kulipa, soma mkataba: idadi ya vikao, urejeshaji wa pesa, usiri na mipaka yake, kuvunja mkataba, na kuahirisha kikao. Makocha wengi wanataka taarifa saa 24 kabla, la sivyo kikao kinahesabika kimefanyika.

Halafu ulizia mafunzo yake. Nchi nyingi hazina leseni ya kazi hii, yeyote anaweza kujiita kocha. International Coaching Federation (shirika la kimataifa la makocha) ina ngazi 3 za vyeti, kuanzia ya chini: ACC inadai angalau saa 100 za kazi na wateja, PCC 500, MCC 2,500. Ila cheti hakikuambii kama mtaelewana. Hilo utalipima kwenye mazungumzo ya utambulisho, ambayo wengi hawayatozi.

Dada Mkunga: Niongeze moja. Kocha si tabibu. Huzuni isiyoisha kwa wiki kadhaa, kiwewe, ulevi au mawazo ya kujidhuru ni vya mtaalamu wa afya ya akili, na mawazo ya kujidhuru hayasubiri miadi, tafuta msaada siku hiyo hiyo. Kocha anayedai anatibu sonona mkimbie.

Mgeni_wa_Jukwaa: Shukrani wakuu. Na nikifika kikao cha tatu sioni kitu?

Fundi Maswali: Mwambie waziwazi, mkaguane: lengo bado ni lile? Hatua ngapi umefanya kweli? Kama umezifanya na hakuna kilichosogea, mbadilishe lengo au mbinu. Kama yeye ndiye anayehubiri saa nzima, tumia kile kipengele cha kuvunja mkataba.