Naomba ushauri: chama cha wanafunzi na umoja wa wahitimu tushirikianeje?

Wakubwa kwa wadogo, naombeni ushauri. Mimi ni katibu wa chama cha wanafunzi katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Chama chetu kinasimamiwa na mshauri wa wanafunzi, ilhali wahitimu wetu wana umoja wao uliosajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya za Kiraia, wenye katiba na akaunti yake. Huwa tunawakumbuka tunapotaka mchango tu, na mmoja aliniambia, tena kwa haki, kwamba simu zetu huja na bahasha. Uongozi hubadilika kila mwaka. Daftari la namba zao za simu nililokabidhiwa limechanika kurasa mbili. Je, tuandikiane hati ya makubaliano, au yatosha kuwapa nafasi ya mjumbe asiyepiga kura katika kamati yetu? Na michango ipitie akaunti ya nani?