Mansa Musa na dhahabu ya Kairo: nani alihesabu?

Mwalimu wa Kidato cha Pili ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Nafundisha historia, na wiki iliyopita tulikuwa kwenye mada ya biashara ya kuvuka Jangwa la Sahara. Ili kulichangamsha darasa niliwaonyesha wanafunzi video fupi kwenye simu yangu, iliyosema kwamba Mansa Musa wa Mali ndiye tajiri mkubwa kuliko wote waliopata kuishi duniani, kwamba mali yake ilifikia dola bilioni 400 kwa thamani ya leo, na kwamba alipopita Kairo akienda kuhiji aligawa dhahabu nyingi hata uchumi wa Misri ukaanguka kwa zaidi ya miaka kumi. Darasa lilifurahi sana. Ndipo mwanafunzi mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida hunyoosha mkono pale tu anapotaka ruhusa ya kutoka nje, akauliza: "Mwalimu, nani alihesabu?"

Sikuwa na jibu, nikamwahidi la Jumatatu. Naomba wenye ujuzi mnisaidie: habari hii ya Kairo ilitoka kwa nani, na hizo dola bilioni 400 zimepatikana kwa hesabu gani? Wanafunzi waliuliza pia kwa nini hatuwasikii hivyo masultani wa Kilwa, nao waliishi katika karne hiyo hiyo na waliuza dhahabu.

Msomaji wa Nyaraka Kongwe amejibu:

Salaam Mwalimu. Mpongeze mwanafunzi huyo, kwa sababu swali lake ndilo ambalo watengenezaji wa video hizo hawajiulizi.

Mansa Musa aliingia Kairo mwezi Julai mwaka 1324, wakati Misri ikitawaliwa na Sultani al-Nasir Muhammad wa Wamamluki, watawala wa kijeshi wa Misri na Sham. Shahidi wetu mkuu ni al-Umari, mwanachuoni wa Dameski aliyefanya kazi katika ofisi za serikali ya Wamamluki. Yeye hakumwona Musa kwa macho yake; alifika Kairo baada ya mfalme huyo kuondoka, akawahoji waliompokea, wakiwemo maofisa wa sultani na wafanyabiashara wa sokoni. Kwa hiyo tunachosoma ni masimulizi ya watu waliokuwapo, yaliyoandikwa wakati kumbukumbu yao bado haijachakaa sana.

Sasa sikiliza anachosema kuhusu bei. Kabla ya ujio wa Musa, anasema, mithkali moja ya dhahabu, yaani gramu 4 na kidogo, haikuwa ikishuka chini ya dirhamu 25, yaani sarafu za madini ya fedha. Baada ya ujio wake ikashuka hadi dirhamu 22 au chini ya hapo, na hali hiyo ikaendelea kwa takriban miaka 12 hadi siku alipokuwa akiandika. Basi. Ukitoka 25 kwenda 22 umepoteza asilimia 12. Al-Maqrizi, mwanahistoria wa Misri aliyezaliwa miaka 40 baada ya safari hiyo, anataja anguko la dirhamu 6, ambalo ni kubwa zaidi, lakini hata yeye hasemi kwamba masoko yalifungwa au kwamba watu walilala njaa. Dhahabu ilikuwa nyingi mjini, kwa hiyo ikapungua thamani mbele ya fedha, kama nyanya zinavyopungua bei malori matatu yanapoingia sokoni asubuhi moja. Mtu aliyekuwa na akiba ya dinari, sarafu za dhahabu, aliumia. Aliyekuwa na dirhamu alinufaika. Kuita hali hiyo kuanguka kwa uchumi wa Misri ni kutia chumvi, na nadhani neno hilo linafaa sana katika mada hii.

Ambacho video nyingi hazisimulii, nami naona ndicho kitamu zaidi, ni jinsi Wamisri walivyowakamua wageni wao. Al-Umari anaeleza kwamba watu wa msafara huo walikuwa wakimwamini kila muuzaji, hata mmoja wao akanunua shati au shuka kwa dinari tano ilhali halifikii thamani ya dinari moja. Musa mwenyewe hakuacha ofisa yeyote wa baraza la sultani bila kumpa dhahabu. Matokeo yake, aliporudi kutoka Makka mkono ulikuwa mtupu, akalazimika kukopa kwa wafanyabiashara wa Kairo, nao wakamtoza faida ya dinari 700 kwa kila dinari 300 walizomkopesha. Huyo ndiye tajiri mkubwa kuliko wote: alirudi kwake akiwa na madeni.

Mmoja wa waliomkopesha alikuwa mfanyabiashara wa Iskandaria aitwaye Siraj al-Din ibn al-Kuwayk. Alimtuma wakala kwenda Mali kudai deni, wakala akanogewa akabaki huko huko, ndipo mzee akafunga safari mwenyewe pamoja na mwanawe. Alifika Timbuktu, akakaribishwa chakula, akafariki usiku ule ule. Watu wakanong'ona kwamba amelishwa sumu, lakini mwanawe akawaambia kwamba walikula sahani moja na yeye hakudhurika, na kwamba siku za baba yake zilikuwa zimekwisha. Kijana akaendelea na safari, akalipwa deni, akarejea Misri. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyepita Timbuktu mwaka 1353, aliliona kaburi la mzee huyo.

Mhasibu Mstaafu amejibu:

Nawasalimu nyote. Mimi si mwanahistoria, ila nimeshughulika na vitabu vya hesabu kwa zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo nitagusa hizo bilioni 400 tu.

Mwalimu, hakuna hesabu. Ili kupata utajiri wa mtu unahitaji orodha ya mali zake na bei ya kila mali, kisha utoe madeni yake, na kwa Mansa Musa hatuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokamilika. Tulicho nacho ni idadi ya mizigo ya ngamia, na idadi hiyo inakua kadiri mwandishi anavyokuwa mbali na tukio. Al-Umari anataja mizigo 100 ya dhahabu. Ukifika kwa al-Sa'di, mwanahistoria aliyeandika akiwa Timbuktu katikati ya karne ya 17, zaidi ya miaka 300 baadaye, unakuta watu 60,000 na watumwa 500 waliotangulia mbele, kila mmoja akiwa na fimbo ya dhahabu. Katika kazi yangu, deni linaloongezeka kila linapohamishwa kutoka daftari moja kwenda jingine bila risiti mpya huwa linaitiwa mkaguzi.

Lipo pia swali la umiliki. Machimbo ya dhahabu ya maeneo ya Bambuk na Bure hayakuwa shamba binafsi la mfalme. Al-Umari aliambiwa kwamba wachimbaji wa huko hawakuwa Waislamu, na kwamba wafalme wa Mali walijifunza kutokana na yaliyokwisha kutokea kwamba mji wa dhahabu ukitekwa na adhana ikaanza kusikika, uchimbaji hudidimia. Kwa hiyo wakaona heri kuwaacha na dini yao mradi walete ushuru. Huo ni mkataba, tena mkataba wenye masharti, na huwezi kuuandika upande wa mali kana kwamba dhahabu yote iliyo ardhini ni yake.

Kama mnataka kuona fedha ilitoka wapi hasa, tazameni tofauti ya bei kati ya mahali na mahali. Musa mwenyewe aliwaeleza Wamisri kwamba alikuwa na machimbo ya shaba, ambayo shaba yake iliuzwa kusini kwa kiwango cha mithkali 100 za shaba kwa mithkali 66 na theluthi mbili za dhahabu. Rudieni kuisoma sentensi hiyo taratibu. Na chumvi vivyo hivyo: Ibn Battuta alipita Taghaza, kijiji cha jangwani ambacho nyumba na msikiti wake vilijengwa kwa mabamba ya chumvi na kuezekwa ngozi za ngamia, akaandika kwamba mzigo mmoja wa ngamia uliuzwa mithkali 8 hadi 10 Walata, mji wa ukingo wa kusini wa jangwa, na ukifika mji mkuu wa Mali ukauzwa 20 hadi 30, pengine hata 40. Waliokata chumvi hiyo jangwani walikuwa watumwa wa Wamasufa, kabila la Waberberi wa jangwani, wakiishi kwa tende, nyama ya ngamia na mtama ulioletwa kutoka mbali. Nao wanastahili kutajwa darasani, kwa kuwa utajiri huo ulibebwa na migongo yao.

Mwenyeji wa Kilwa amejibu:

Mwalimu, nashukuru kwa kuwa wanafunzi wako wameikumbuka Kilwa. Mimi nimekulia Masoko, na ng'ambo ya maji Kisiwani nimevuka kwa mashua mara nisizoweza kuzihesabu.

Jibu langu ni kwamba habari za falme hizi mbili ziliandikwa na msafiri yule yule, na tusimsahau mtu huyo alikuwa nani. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib, maana yake baba wa vipawa. Anasimulia kwamba siku moja ya Ijumaa, sultani akitoka msikitini, fakiri mmoja wa Yemen alimsimamisha njiani na kumwomba nguo alizokuwa amevaa. Sultani akarudi ndani ya msikiti, akavaa nyingine, akampa zile. Mwanawe akazikomboa nguo hizo kwa watumwa kumi, na sultani aliposikia watu wanavyosifu akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Alipofariki akarithiwa na nduguye Daudi, ambaye ombaomba akimjia humwambia kwamba aliyekuwa akitoa amekwisha kufa na hakuacha kitu cha kutolewa.

Miaka ishirini na moja baadaye Ibn Battuta yuko Mali. Musa amekwisha kufariki, mwanawe Maghan ametawala muda mfupi, na sasa kiti kimekaliwa na Sulaiman, nduguye Musa. Mgeni wetu anaarifiwa kwamba zawadi ya mfalme inakuja, anasimama kwa hamu akitarajia joho na fedha, kumbe ni mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe iliyokaangwa na buyu la mtindi. Anasema alicheka. Hapo hapo anasifu kwamba Musa alimpa Abu Ishaq al-Sahili, mshairi wa Granada aliyefuatana naye kutoka hija, mithkali 4,000 kwa siku moja.

Mnaona mfanano? Kilwa kuna ndugu mkarimu akifuatwa na ndugu bahili, na Mali hivyo hivyo. Sidai kwamba Ibn Battuta alitunga, ila yeye alikuwa msafiri aliyeishi kwa zawadi za wafalme, na kila mfalme alimpima kwa mkono wake. Sulaiman huyo huyo ndiye aliyesimamia nchi ambayo Ibn Battuta anakiri kwamba msafiri hakuogopa mwizi wala mnyang'anyi. Kubana matumizi baada ya kaka aliyekopa kwa faida ya 700 kwa 300 si lazima iwe ubahili.

Ama kuhusu umaarufu, Musa aliutangaza utajiri wake ana kwa ana katika mji mkubwa uliojaa wafanyabiashara, na habari zikafika kwa wachora ramani wa Majorca, kisiwa cha Bahari ya Mediterania. Katika ramani ya mwaka 1375 amechorwa ameketi, taji kichwani, pande la dhahabu mkononi. Dhahabu ya Kilwa, iliyotoka bara, nyanda za Zimbabwe, kupitia bandari ya Sofala, iliondoka kimya kimya ndani ya majahazi ya watu wengine. Sultani wetu alijenga. Magofu ya jumba lake, Husuni Kubwa, yapo hadi leo juu ya jabali, na ukishuka ndani utaliona birika la kuogea lenye pembe nane, upepo wa bahari ukikupiga usoni. Sehemu za jumba hilo hazikukamilika kamwe.

Mwalimu wa Kidato cha Pili amejibu:

Nimewasoma wote mara mbili, nanyi wazee mmenipunguzia aibu ya Jumatatu. Swali moja la mwisho: ramani hiyo ya 1375 iko wapi, na je, naweza kuwaonyesha watoto bila kuwapotosha tena?

Msomaji wa Nyaraka Kongwe amejibu:

Ipo Paris, katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, na picha yake inapatikana mtandaoni bure. Waonyeshe, lakini waambie kwamba aliyechora hakuwahi kufika Mali, na kwamba Musa alikuwa amekwisha kufariki kwa miongo kadhaa. Waambie pia wamtazame mtu aliyejifunga kilemba na kufunika uso, anayemjia mfalme juu ya ngamia kutoka upande mwingine. Huyo ni mtu wa jangwa, na bila yeye dhahabu isingevuka.

Mwalimu wa Kidato cha Pili amejibu:

Ahsanteni. Nitaanza kipindi kwa kuandika 25 na 22 ubaoni, na nitakayemwita kutafuta asilimia ni yule wa dawati la nyuma.