Binti yangu anachora khanga kwa Scratch: je, anajifunza hisabati au anacheza tu?

Mama Wawili, Morogoro

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Binti yangu yuko darasa la tano, na tangu likizo ianze amekuwa akichora mapambo ya khanga katika kompyuta ya zamani ya baba yake kwa kutumia Scratch, ile programu ambayo mtoto huunganisha vipande vya amri na paka wa kwenye kioo huvitekeleza. Pindo la miraba alilimaliza kwa siku moja. Juzi alitaka kuujaza mji wa khanga yake, yaani sehemu ya katikati, kwa maumbo ya pembesita, na kwa kuwa kaka yake alimwambia kwamba kila pembe ya pembesita sawa ina nyuzi 120, alimwamuru paka aende hatua 60, ageuke nyuzi 120, na arudie mara sita. Ikatokea pembetatu. Alifuta, akapanga upya, ikatokea pembetatu ileile, akafunga kompyuta kwa hasira. Mimi na hesabu hatukuwahi kupatana, hivyo sikuwa na la kumwambia. Naomba kujua kosa liko wapi, na kama kazi hii inamfaa au nimrudishe kwenye vitabu.

Mwalimu wa Namba

Mama Wawili, kosa la binti yako ni zuri kuliko mengi ninayosahihisha darasani. Nyuzi 120 ni pembe ya ndani, ile tunayoipima karatasini kwa kipimapembe. Paka haioni pembe hiyo. Yeye hufika konani akiwa ameelekea mbele, na anachogeuka ni pembe ya nje, yaani 180 kutoa 120, ambayo ni 60. Alipogeuka nyuzi 120 aliizunguka pembetatu moja mara mbili, na kwa kuwa mzunguko wa pili ulipita juu ya wa kwanza, hakuna aliyeuona.

Nakuomba usimpe jibu. Toka naye uani, mpe kijiti, umwambie aitembee pembesita kwa miguu yake huku akichora chini, na kila kona aseme amegeuka kiasi gani. Akirudi mahali alipoanzia atakuwa anatazama kulekule alikokuwa akitazama mwanzo, kwa hiyo jumla ya kugeuka kwake ni nyuzi 360, umbo liwe na pande tatu au ishirini. Njia hii si yangu. Seymour Papert, mwanahisabati mzaliwa wa Pretoria, alikuwa miongoni mwa waliobuni lugha ya Logo mwaka 1967, ambayo watoto waliitumia kumwongoza kasa, roboti iliyotambaa sakafuni ikichora kwa kalamu. Na Scratch, iliyotolewa kwa umma na chuo kikuu cha MIT cha Marekani mwaka 2007, naihesabu kuwa mjukuu wa kasa huyo. Akishafaulu, mwambie ageuke nyuzi 144 mara tano, halafu akueleze kwa nini nyota atakayoipata imemzungusha paka mara mbili kamili.

Baba Kephas, Nakuru

Nakubaliana na Mwalimu, ila kwa tahadhari. Mwanangu alikaa na programu hiyohiyo miezi mitatu, na nilipomkagua nikakuta muda mwingi uliishia katika kumbadilishia paka mavazi na sauti, na michezo aliyojivunia ilikuwa ya watoto wengine, aliyoichukua kwenye tovuti na kuibadilisha rangi. Kunakili si dhambi, sote tulijifunza kuandika kwa kufuatisha, lakini hakuweza kunieleza hata kipande kimoja. Siku hizi, kabla hajabonyeza bendera ya kijani inayoanzisha amri, huandika daftarini anachotarajia kuona. Kikitokea kingine, hapo ndipo kazi inapoanza.

Kuhusu bando, kuna programu ya kupakua mara moja na kuitumia bila intaneti, na vipande vya kalamu hufanya kazi humo vilevile. Isipokuwa toleo la sasa linataka Windows 10 au zaidi.

Msusi wa Ukili

Kompyuta ikigoma, ukili upo, ule mkanda wa majani unaosukwa kutengeneza mikeka. Marehemu bibi yangu kule Pemba hakusoma shule, lakini akisuka alihesabu juu mbili, chini mbili, na kila mstari aliuanza hatua moja mbele, mpaka mishazari ikajitokeza yenyewe. Mpe mtoto daftari la miraba apake rangi kwa kanuni hiyo, miraba miwili yenye rangi, miwili mitupu, kisha muulize kama mraba wa 50 katika mstari wa kwanza una rangi, bila kuhesabu mmoja mmoja. Hamsini gawanya kwa 4 ni 12, baki 2; basi una rangi, kama ulivyo mraba wa pili. Katika mstari wa tatu, mraba huohuo hauna.

Mama Wawili, Morogoro

Ahsanteni sana. Tulitoka uani jana jioni, na kwenye kona ya pili akapiga kelele, "Mama, nimegeuka kidogo tu!" akakimbilia ndani. Pembesita imepatikana. Sasa ameng'ang'ania umbo la pande saba: amegawanya 360 kwa 7 akapata 51, baki 3, akaiacha baki, na umbo lake lina pengo dogo mahali ambapo mstari wa mwisho ulipaswa kukutana na wa kwanza. Ameniuliza zile nyuzi tatu azipeleke wapi. Mwalimu, bado upo?