Stesheneri za Dar, nani kawatuma mturekebishie mashairi?

Wakuu, salaam. Leo sina utani.

Natengeneza vijitabu vya mashairi kwa mkono. Kurasa 24, A4 imekunjwa katikati, kwa hiyo kila kitabu kinakula karatasi sita na jalada la manila. Nakunja mwenyewe, natoboa matundu matatu kwenye mkunjo, nashona kwa ule uzi wa nta wa mafundi viatu (uzi wa kweli, siyo huu ninaoufungua hapa), fundo linabaki ndani katikati. Nakala 50, nauza mkononi. Stesheneri namwomba kitu kimoja tu: achape kilichomo kwenye faili. Basi.

Safari hii nikapeleka flashi yenye PDF, kurasa zimeshapangwa. Mnaofanya kazi hii mnajua adha yake: ukurasa wa 24 unakaa ubavuni mwa wa 1, nyuma yao wa 2 na wa 23, kila jozi ukiijumlisha lazima ipatikane 25. Nilikesha na hesabu hiyo. Kosa langu, nakiri, ni kuacha humo humo na faili la Word. Nikamwonyesha kijana wa kwenye kompyuta lipi ni lipi, nikamwambia na pini asipige, nikalipa 85,000 yote mbele. Niliwahi kazini.

Narudi jioni, mzigo uko kwenye mfuko wa rambo. Jalada linasema DIWALI NDOGO YA KIVUKONI.

Diwali!

Kumbe alifungua Word, akaona mistari myekundu chini ya kila neno, akahisi huyu mzee hajui kuandika. Akabonyeza kukubali masahihisho. Diwani, yaani mkusanyo wa mashairi, ikawa Diwali, mara 50, kwenye manila ya bei. Mama muuza chai pale nje akaniuliza, "Baba, Diwali si huwa mwishoni mwa mwaka?" Nikakosa la kujibu.

Ndani ndiko kwenye msiba. Shairi langu la kwanza linaanza hivi:

Kivuko kimeondoka, abiria twashangaa

Nane kwa nane, mizani 16, kina cha kati kimesimama na cha mwisho kimesimama. Yeye akakuza herufi mpaka 14, eti "wazee wasome vizuri". Mstari ukashindwa kuenea, kikatoka hiki:

Kivuko kimeondoka, abiria
twashangaa

Hebu litazame hilo "twashangaa" limetupwa chini peke yake kama mtoto aliyeachwa stendi. Ubeti wa mishororo minne umekuwa na mistari minane. Vina vya mwisho havionekani viko wapi. Waliokuwa wakinakili tenzi kwa mkono kule Lamu na Pate, kwa herufi za Kiarabu, walitia alama kati ya kipande na kipande ili msomaji asipotee. Mtu ana kalamu ya mwanzi na wino, anaheshimu kipande. Wewe una printa ya mamilioni unanivunjia utao, kipande cha pili cha mshororo!

Halafu mistari ilipoongezeka, kurasa zikafika 27. Kijana akaona hazigawanyiki kwa nne, akafanyaje? Akaacha tatu za mwisho. Shairi la kumlilia marehemu mama yangu limekatika ubeti wa pili. Nilipouliza nikajibiwa, "Mzee, lilikuwa refu, na mengine si yapo?"

Na pini kapiga. Tena siyo kwenye mkunjo, kapiga ubavuni, mbili, kama mtihani wa moko. Kitabu hakifunguki, maneno ya upande wa ndani yamemezwa. Ukilazimisha kinachanika.

Mwenye duka naye ananiambia karatasi na wino vimetumika, hela hairudi, labda nimwongeze 40,000 arudie. Nimwongeze kwa lipi? Mteja akileta kadi ya harusi jina la bwana harusi likikosewa mnarudia bure, tena mnaomba radhi. Shairi ndilo halina mwenyewe?

Najua kuna watakaokuja kusema ningesimama pale pale mpaka mwisho. Sawa, ila fundi cherehani nikimwachia kitambaa cha suruali sikai naye kumlinda asinishonee gauni.

Nimeng'oa pini zote jana usiku kwa kisu cha mezani, vidole vinauma. Karatasi zenyewe hazifai, wanangu wanachorea upande wa nyuma wa majalada. Jumamosi ya wiki ijayo kuna watu 50 wanasubiri vitabu na wengine wameshanilipa.

Sasa nauliza, anayejua mahali Kariakoo, Posta au hata Mbagala wanakochapa PDF kama ilivyo, pande mbili, bila kuigusa, aniambie hapa hapa chini. Bei tutaelewana. Na kama kuna mwenye mashine ya kukatia kingo anayekodisha kwa saa, nitaifuata popote.