Naomba ushauri: breki na oili ya Impreza GC8, mjini na kwenye saketi

Wakuu, gari ni Impreza WRX GC8, injini EJ20 ya turbo, ya kila siku na ya saketi (uwanja wa mbio) mara moja moja.

Breki kwanza. Mizunguko minne hivi pedali inazama. Likipoa inarudi ngumu. Pedi zina uso unaong'aa kama kioo. Mafuta ya breki ni ya daraja la DOT 3: yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205, yakinyonya unyevu hushuka hadi karibu 140. Nataka kuyamwaga yote niweke DOT 5.1 (huchemka kuanzia nyuzi 260) na kutoa hewa magurudumu yote. DOT 5 sitaki, ni silikoni. Je, hilo pamoja na pedi za joto kali litatosha, au nitafute kalipa (vibanio vya pedi) za pistoni nne? Najua rimu za inchi 15 huenda zisizivuke.

La pili linanitisha zaidi: kwenye kona ndefu taa ya oili inawaka na kuzima. Oili inakimbilia upande, pampu inavuta hewa, na beringi za konrodi ndizo zitakazolia. Sampu (bakuli la oili chini ya injini) ikishushwa, nianze na vizuizi vya ndani vya kuzuia oili isikimbie au bomba la kunyonyea, ambalo hupasuka kwenye maungio? Na kuzidisha nusu lita juu ya alama kuna madhara gani?